Sato, sangara au dagaa? Jibu nililotakiwa kumpa shemeji yangu

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kahamia Mwanza huu mwezi wa pili sasa. Katokea Dodoma, mumewe kapata uhamisho, wamepanga vyumba viwili Buhongwa, jiko lao la gesi la pleti mbili, friji bado wanajipanga, na wana mtoto wa miaka 3 ambaye kumlisha ni mpaka umuimbie. Juzi jioni kanipigia simu yuko sokoni, nasikia kelele za wauza samaki nyuma yake. "Shem, nimesimama hapa nimechanganyikiwa, huyu ananionyesha sato, yule ananivuta kwenye sangara, na kuna mama kashika kopo la dagaa ananiita mwanangu mwanangu, ninunue nini?"

Kwa nini aniulize mimi na dada yake yupo? Coz kwetu mpishi wa samaki ni mimi bana. Mke wangu anafanya kazi za zamu, na mi nimekulia Ukerewe, humo ndani ya Ziwa Victoria, mtoto wa kisiwani asipojua kupika samaki watu watauliza alikua anashinda wapi. Sasa nlikua kwenye daladala, nikamjibu haraka haraka, chukua sato, nikakata simu. Kesho yake ndo naambiwa kilichotokea. Alinunua sato wadogo watatu wa kutosha hela aliyokua nayo, kafika nyumbani saa moja kasoro, kakaanga, ngozi yote imebaki kwenye kikaango, mtoto kachomwa na mwiba tonge la kwanza tu akagoma kula mpaka analala. Mumewe akala ugali na mchuzi wa nyanya.

Kosa langu hilo. Ukimuuliza mtu yeyote wa Mwanza samaki gani nipike atakwambia sato kabla hujamaliza swali, kama vile tumekaririshwa. Nlitakiwa kumuuliza kwanza, una dakika ngapi, anayekula nani, na kesho utakua na kiporo au huna pa kukiweka. Kwahiyo hapa naandika lile jibu refu, likimfaa na mwingine aliyehamia huku ni sawa.

Nianze na huyo sato mwenyewe. Huyu ndo samaki wa heshima huku kwetu. Mkwe akija anawekewa sato, mzima mzima, kichwa kimeelekea kwake. Mtu akisafiri kwenda Dar ndugu zake hawamuulizi habari za ziwa, wanauliza boksi la sato liko wapi. Na heshima hiyo anastahili sio kwamba tunamsifia tu, nyama yake nyeupe, tamu, haina shombo kali, na anakubali kila kitu, ukimkaanga sawa, ukimchoma kwenye foili sawa, rosti sawa, na ukimchemsha chukuchuku ndo kabisa.

Chukuchuku kwa ambaye hajui ni samaki wa kuchemsha bila tone la mafuta. Mama yangu alikua anaweka maji kidogo, chumvi, ndimu, basi. Siku hizi naongeza kitunguu, nyanya mbili na pilipili mbuzi nzima ambayo siipasui, inaogelea tu humo inatoa harufu. Sato wa kilo moja akishachemka anataka kama dakika 15 hadi 20 hivi, unafunika, moto wa wastani, na humgeuzi, ukimgeuza anakatika. Ule mchuzi wake wenye rangi ya maziwa maziwa ndo unaokunywa kwanza kabla hujagusa ugali. Mtu wa bara akinywa mara ya kwanza anauliza umeweka nini, unamwambia chumvi, hakuamini.

Kukaanga sasa, pale alipoumbuka shem. Samaki akishaparuliwa (vijana wa kupara wapo hapo hapo sokoni, mpe hela kidogo akutoe tabu, ila simama umuangalie asipasue nyongo, nyongo ikipasuka ukaacha bila kuosha vizuri utakula uchungu) mkate mikato mitatu kila upande mpaka kisu kiguse mfupa. Chumvi, ndimu, muache kwenye chujio nusu saa atoe maji. Afu mfute. Ndio, mfute na kitambaa kikavu, tumboni, mkiani, kila mahali, mpaka ukimshika hatelezi. Watu wanamtoa kwenye maji wanamtupa kwenye mafuta, mafuta yanaruka yanawachoma, wanaogopa, wanapunguza moto, na hapo ndo ngozi inaganda. Mafuta yapate moto kweli kweli, chomeka mti wa mwiko, ukiona vipovu vinatoka kuuzunguka mti ndo wakati wake. Ukishamuweka toa mkono. Usimguse, usimsogeze, usimchungulie kwa uma. Akishaiva upande huo anajiachia mwenyewe, unatikisa kikaango unaona anateleza, geuza. Mi mwenyewe nimeshamkaangia baba mkwe sato aliyetoka hana ngozi upande mmoja, nikamlaza upande mbovu chini nikamwagia rosti juu, mzee akala akashukuru, mpaka leo hajui.

Ubaya wa sato ni mwiba na ukubwa. Sato mkubwa, kuanzia kilo moja hivi, miiba yake inaonekana, unaitoa. Sato mdogo wa kiganja ni miiba mitupu na ndo huyo mwenye bei ya kuvutia, kwahiyo mtu mwenye bajeti ndogo anajikuta kanunua kazi. Kama hela haitoshi sato mkubwa mmoja, usinunue wadogo watatu, hamia kwa samaki mwingine kabisa. Halafu kuna hawa sato wa vizimba, wanafugwa humo humo ziwani kwenye nyavu wanalishwa chakula. Wengi wana mafuta mengi, ukimpasua tumbo unayaona meupe yamejikunja. Wapo wanaowakataa, mi nawachukua vizuri tu kwa kuchoma coz yale mafuta yanamlinda asikauke, ila kwa chukuchuku naomba wa ziwani, mchuzi wake mwepesi.

Kumjua mbichi mnajua, fungua mashavu uone wekundu, macho yawe yamejaa sio yamezama, bonyeza na kidole nyama irudi. Muuzaji akikukataza kufungua mashavu sogea mbele.

Sangara. Huyu watu wanamuonea. Wengi waliokulia huku watakwambia sangara samaki wa kiwandani, mzungu ndo anakula, sisi tunakula sato. Ni kweli tangu miaka ya 90 viwanda vya minofu Mwanza vimekua vikipeleka sangara Ulaya, na kwa muda mrefu kilichobaki mtaani ilikua ni mapanki, yale mifupa yenye kichwa iliyokwisha kukwanguliwa nyama, watu wanayakaanga wanauza. Nadhani ndo maana bado ana picha ya umaskini kichwani kwa watu, wakati nyama yake kwa mwenye mtoto mdogo hakuna samaki kama huyo ziwani. Haina vimiba vidogo. Mifupa yake ni mikubwa kama ya mbuzi, unaiona, unaitoa, mtoto anakula anameza. Na ana mafuta, kipande cha tumbo ukikiweka kwenye kikaango kikavu moto mdogo kinatoa mafuta yake mwenyewe yanatosha kukikaanga.

Ila hasamehi. Sato ukimsahau dakika tano zaidi bado ni sato, sangara wa minofu ukimsahau unakuta uji. Nlishawahi kumtumbukiza kwenye mchuzi tangu kitunguu hakijaiva, nikaenda kuangalia mpira, narudi baada ya robo tatu saa nakuta nyuzi nyuzi zinaelea, nikasema ni supu ya samaki, watu wakala kimya. Utaratibu wake ni kinyume, mchuzi unapikwa uive kabisa, nyanya ziwe zimevunjika, mafuta yapande juu, ndo vipande vinaingia, dakika 10 mpaka 12 kwa vipande vya ukubwa wa kiganja, unazima. Au kaanga vipande kwanza vipate ganda ndo uvitie kwenye mchuzi mwishoni mwishoni.

Kichwa chake ni habari nyingine. Kichwa cha sangara mkubwa kinajaza sufuria peke yake, unakigawa vinne, unachemsha taratibu na tangawizi, kitunguu saumu, nyanya, ndimu mwishoni, lisaa lizima na zaidi kwenye mkaa. Nyama ya mashavu inatoka kama kijiko, na ile ngozi laini laini kuzunguka macho watu wanagombania. Kwa gesi supu hii inakula mtungi, mi napikia mkaa Jumapili tu. Usilitafute bondo lake, ule mfuko wa hewa wa tumboni, bondo linatolewa mapema kabla samaki hajakufikia, mabondo yanakaushwa yanaenda China na bei yake inazidi ya nyama mara nyingi tu, kwahiyo sangara unayemuona sokoni kwa kawaida tumbo limeshafunguliwa.

Kitu kingine, sangara mdogo wa chini ya sentimita 50 hatakiwi kuvuliwa kisheria. Utawaona tu, wanauzwa kwa kificho ficho chini ya turubai. Waache. Sio uoga wa kukamatwa tu, hata kwa mapishi hana faida, hajaweka mafuta bado, nyama yake maji maji, utamu wa sangara uko kwenye mafuta.

Na yupo sangara wa chumvi, kayabo, anakaushwa mgumu kama ubao, huyo mzigo wake mkubwa unaelekea Kongo. Unaloweka usiku kucha, unamwaga maji mara mbili tatu, unapika na karanga. Simshauri mtu anayeanza.

Haya, dagaa.

Nakiri kwamba dagaa ndo mboga niliyopika nyingi kuliko zote maishani na ndo mboga sijawahi kumpikia mgeni hata siku moja. Hata mama yangu aliyekua anawapika mpaka majirani wanaleta ugali wao, mgeni akibisha hodi alikua anasukuma sufuria chini ya kitanda. Sijui tulilogwa na nani. Maana kwa upishi wenyewe, dagaa wa ziwa waliopikwa na mtu anayejua nawaweka mbele ya sato wa kukaanga, nimeshasema, njooni mnipige.

Kazi ya dagaa inaanzia sokoni. Ukiwa na nafasi nenda Mwaloni pale Kirumba, ndo kitovu chao, magunia kwa magunia. Pitia asubuhi, msalimie mama mwenye fungu, Mwangaluka mayu, hata kama Kisukuma chako kimeishia hapo hapo, utaona kopo linavyojaa na nyongeza juu. Chukua dagaa kidogo weka kiganjani, sugua na kidole gumba, afu puliza. Kikibaki kiganjani kichanga kinang'aa ng'aa, hao wameanikwa chini kwenye mchanga. Wale walioanikwa kwenye chanja, yaani kichanja kilichoinuliwa juu ya ardhi, wanabaki na rangi yao ya fedha, wamenyooka, vichwa havijakatika, na harufu yao ni ya samaki mkavu, sio ya kuchacha. Bei ya chanja iko juu kidogo. Lipa. Ile tofauti utairudisha kwenye maji ya kuoshea na kwenye meno. Wale waliovunjika vunjika wa rangi ya kahawia chakula cha kuku hao, na wapo wauzaji wanaochanganya, wazuri juu wabovu chini, kwahiyo ingiza mkono mpaka chini ya ndoo ndo uchote.

Na angalia mwezi. Sio utani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, wavuvi wanawasha taa, zamani karabai siku hizi za sola, dagaa wanafuata mwanga wanazungushiwa nyavu. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, wavuvi wengi wanapumzika, na sokoni dagaa wazuri wanapungua na bei inapanda. Mi nanunua sado nzima wakati wa giza, naiweka kwenye ndoo ya mfuniko. Wakati wa mvua nao, Machi mpaka Mei hapo, jua la kuanikia ni la kubahatisha, hao wengi wana harufu, nunua kidogo kidogo unusie.

Jikoni. Toa vichwa kama una muda, vina uchungu kidogo, mi kwa watoto natoa kwa watu wazima naacha. Osha na maji ya uvuguvugu mara tatu. Na hapa ndo siri ilipo, usimwage maji ukabakiza dagaa, watoe dagaa kwa mikono wakiwa juu juu uwahamishie bakuli lingine, maji yabaki na mchanga wake chini. Ukimimina kwenye chujio mchanga wote unapita katikati yao unarudi kukaa humo humo. Nimeishi na mtu chuoni alikua anaosha dagaa mara sita na bado tunatafuna kokoto, miaka miwili, kumbe shida ni namna ya kumwaga maji.

Wakamue, waache wachuje. Kikaango, mafuta vijiko vitatu tu, kaanga mpaka ukiwakoroga unasikia wanalia kwarakwara, pembeni. Kitunguu kingi, yaani kingi, vitatu kwa kopo moja, kiwe cha dhahabu, nyanya, pilipili hoho ukiwa nayo, chumvi kidogo, rudisha dagaa. Ndimu. Dakika tano. Hapo ni dagaa wakavu wa kula na ugali wa moto, umemaliza. Ukitaka wa mchuzi, vuruga karanga za kusaga vijiko viwili vya chakula kwenye maji ya moto kikombe kimoja, mimina, punguza moto, koroga bila kuacha coz karanga inashika chini fasta, dakika 10, utaona mafuta ya karanga yanaanza kujitenga pembeni. Zima. Nazi wapo wanaoweka, nazi zinaletwa huku kutoka Pwani zinauzwa, mi naona nazi na dagaa wa ziwa zinagombana, karanga ndo mwenzake. Watu wa Pwani najua mnanuna.

Ukiwapanga watatu hawa kwa mambo ya nyumbani ya kawaida, kwanza muda. Dagaa wakiwa wameshachambuliwa ni dakika 25 kutoka kuosha mpaka mezani. Sangara wa vipande nusu saa. Sato wa kukaanga ukihesabu na kumuacha achuje ni lisaa, chukuchuku chini ya hapo. Friji, dagaa hawahitaji, hao wengine wawili bila friji unanunua unapika siku hiyo hiyo, ukitaka walale wakaange kwanza, wakavu, ndo uwaunge kesho. Shombo ndani ya nyumba, hapa dagaa wanashindwa vibaya, chumba kimoja na dagaa wanakaangwa ni mpaka mapazia yanatembea nayo kazini, fungua madirisha au toa jiko nje. Miiba, sangara kashinda, dagaa hawana cha kuogopa unatafuna wote na ndo faida yao kwa mifupa ya watoto coz ile kalsiamu iko kwenye mifupa unayoitafuna, sato mdogo kashika mkia. Hela sisemi namba coz nikiandika leo keshokutwa imebadilika, ila kopo la dagaa linalisha watu wanne na linabaki, sato wa kilo analisha watatu wenye adabu. Na heshima ya mgeni, sato, sitabishana na jamii.

Ingawa kuna jambo huwa linanichekesha. Watu wanapozungumzia chakula cha asili cha ziwa hili wanaweka picha ya sato. Sato huyu tunayemla sasa aliletwa, na sangara aliletwa, wote wawili kwenye miaka ya 50 na kuendelea, wakoloni waliwapandikiza. Samaki wa ukoo wa sato aliyekuwepo tangu zamani ni ngege, ambaye siku hizi kumpata ziwani humu ni bahati. Na furu, wale wadogo wa kila aina ambao mama anasema walikua wanatungwa kwenye ukambaa unarudi nao shuleni, sangara alipoongezeka miaka ya 80 aliwamaliza kwa wingi mno, siku hizi furu unawapata kwa msimu na mahali mahali. Katika hawa watatu niliowalinganisha mwenyeji ni mmoja tu, dagaa, hapatikani kwa asili nje ya maji ya ziwa hili na yanayolizunguka. Kisumu wanamuita omena, Uganda mukene, wote wanamla kwa mkono kama sisi. Mwenyeji ndo tunayemficha chini ya kitanda.

Ugali sasa, maana shem aliuliza na hilo. Yeye katoka Dodoma kazoea ugali wa mtama na uwele, na kwa dagaa wa karanga mtama unaenda vizuri sana, asiuache. Sembe inaenda na vyote, haina cha kujadili. Ila kwa chukuchuku, muhogo. Udaga ndo jina lake huku, muhogo uliomenywa ukafunikwa uchache kidogo ndo ukaanikwa ukasagwa, huko kuchacha na kukaushwa ndo kunaupunguzia sumu ule muhogo mchungu, kwahiyo usijisagie muhogo wowote ulioukuta shambani. Una harufu, siku ya kwanza utaona kama kuna kitu kimeharibika, ya tatu unauulizia. Anayeanza achanganye, vikombe viwili vya mahindi kimoja cha muhogo, akizoea anageuza. Na hausongwi kama wa mahindi wa kuanza na uji, maji yakichemka sana unamimina unga wote kwa mkupuo, unakandamiza na mwiko pembeni pembeni, unageuza kwa nguvu, dakika nne tano umevutika unang'aa, toa. Ukiuchelewesha unakua mpira. Tonge lake ni dogo, unalizamisha kwenye mchuzi na kumeza, ukilitafuna muda mrefu wenyeji watakuangalia.

Kwahiyo shem, kwa hali yako ya sasa, huna friji, una mtoto, unarudi saa kumi na mbili. Siku za kazi pika dagaa, mara mbili kwa wiki ziwe na karanga, wachambue Jumapili wote uwaweke kwenye ndoo, jioni ni kuosha na kukaanga tu. Jumatano au siku utakayopita sokoni mapema chukua sangara vipande viwili vya tumbo kwa ajili ya mtoto, mle wote usiku huo huo. Sato subiri Jumamosi, chukua mmoja mkubwa, mpike chukuchuku kwanza, kukaanga tutafundishana ukija nyumbani, nina kikaango kizito cha chuma sitakuazima lakini utakitumia hapa hapa. Tangu lile daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025 mi huwa navuka mpaka upande wa Sengerema siku nikiwa na safari zangu narudi na sato wa huko, hakuna tena kupanga foleni ya kivuko samaki wanalegea kwenye buti, nikienda nitakuletea.

Wakija wakwe, sato. Ila pika na dagaa kidogo bakuli la pembeni, weka mezani usiseme kitu, uangalie mkono wa mzee unaenda wapi.

Nlimtumia haya yote kwa meseji za sauti, saba nzima, dada yake akawa ananicheka. Jana usiku kajibu moja fupi, "Shem dagaa wameisha na sufuria limepanguswa, baba nanii anauliza ule unga wa muhogo unauzwa wapi, na mchanga ulikuwepo kidogo ila ni mimi nilimimina nikasahau." Unga amwambie aende mashine yoyote ya kusaga, aulize udaga uliosagwa wiki hii, anuse kabla hajalipa.